Umeolewa na mgeni? Jua lini umtafute wakili wa uhamiaji

Mume wangu ni Mmalawi, na makazi yetu ni hapa Dodoma, Area D. Nikikutana na mwanamke mwenzangu aliyeolewa na mtu wa nje, mazungumzo hayachukui muda kufika kwenye vibali, na swali huwa lile lile: "Wakili wenu ni nani?" Nami humuuliza kwanza anataka huyo wakili amfanyie nini. Mambo mengi ya uhamiaji hayahitaji wakili. Yale machache yanayomhitaji, yanamhitaji mapema, kabla maombi hayajatumwa.

Kwa maswali ya kawaida, nenda Uhamiaji wenyewe. Makao makuu ya Idara yako hapa hapa Dodoma, ofisi ya mkoa nayo ipo, na ofisa atakujibu bila kukudai senti. Kibali cha ukaazi kina madaraja matatu: A ni la wawekezaji na waliojiajiri, B la walioajiriwa, C la wanafunzi, watafiti, wamisionari na wengine wa namna hiyo. Aliyeajiriwa anahitaji vilevile kibali cha kazi, na hicho hakitolewi na Uhamiaji bali na Kamishna wa Kazi, chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015. Hapa ndipo familia nyingi zinapokwama: wamepata kimoja, wanadhani wamemaliza. Cheti cha ndoa pekee hakimruhusu mumeo kuajiriwa. Lakini hayo yote ni maombi ya mtandaoni, na mwajiri anayejua wajibu wake huyashughulikia. Kumlipa wakili akujazie fomu ambayo ungeweza kuijaza mwenyewe, mimi naona ni kuitupa hela ya ada ya watoto.

Uraia ni habari nyingine kabisa. Kuna mtu tulielekezwa kwake, ana suti na muhuri, akatuambia mume wangu ataomba uraia "kwa ndoa" na jambo litakwisha upesi, ila tumtumie pesa kwenye simu yake binafsi. Hatukumtumia. Sheria ya Uraia, Sura 357, inampa njia hiyo mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania. Mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hana. Inaniuma kama mke na kama raia, na natamani Bunge liirekebishe, lakini ndivyo ilivyo leo. Anayekuahidi kinyume chake ama hajaisoma sheria au anakutapeli.

Mume wangu basi anapita njia ya kawaida ya tajinisi, yaani ya mgeni yeyote anayeomba uraia. Anatakiwa awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na ndani ya miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo, awe ameishi hapa jumla ya miaka isiyopungua 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, na akikubaliwa aukane uraia wake wa kwanza. Waziri akikataa halazimiki kutoa sababu, na sheria hiyo inasema uamuzi wake haukatiwi rufaa mahakamani. Ndiyo maana nasema hela ya wakili itumike kabla ya kuomba.

Wakili tuliyempata mwishoni ana ofisi ndogo ghorofani, mitaa ya karibu na Nyerere Square. Hakuanza na bei. Aliomba pasipoti zote za mume wangu, mpya na zile zilizokwisha muda, akachukua karatasi yenye mistari na kalamu ya bluu, akaanza kuandika mihuri ya kuingia na kutoka kwa kufuata tarehe. Penye muhuri uliofifia aliinua ukurasa dirishani ausome kwa mwanga. Safari za Lilongwe alizipigia mstari, na vipindi vya katikati ya kibali kimoja na kingine akaviwekea alama ya kuuliza. Akaweka kalamu chini: "Dada, shemeji asiombe mwaka huu. Hesabu haijatimia." Angeweza kunyamaza, akachukua ada yetu na kupeleka maombi yaanguke. Wakili anayeweza kukwambia hapana ndiye wa kumrudia.

Kumhakiki si kazi ngumu. Kuwa na shahada ya sheria hakumfanyi mtu kuwa wakili. Lazima awe ameandikishwa kwenye daftari la mawakili, na leseni yake ahuishe kila mwaka. Mahakama ina mfumo mtandaoni ambamo unaandika jina lake na kuona kama leseni yake iko hai mwaka huu. Usipomwona, uliza TLS, Chama cha Wanasheria Tanganyika. Vishoka wamejaa, na wengi wanavizia jirani na ofisi za serikali. Malipo ya serikali yana namba yake ya malipo, ile inayoanzia na 99, na unalipa mwenyewe benki au kwa simu. Ada ya wakili ni kitu kingine: iandikwe kwenye mkataba, na upewe risiti. Akizichanganya pesa hizo mbili kwenye bahasha moja, ondoka.

Kuhusu watoto, maana hili naulizwa sana na akina mama: mtoto uliyemzaa hapa nchini ukiwa raia ni raia wa kuzaliwa, hata baba yake awe wa wapi. Akiwa na uraia wa baba pia, atalazimika kuchagua mmoja akifika miaka 18. Chukua cheti chake cha kuzaliwa RITA mapema, na majina ya wazazi yafanane na yaliyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi.

Usiyemudu ada, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewaweka watoa msaada na wasaidizi wa kisheria ambao hawatakiwi kukutoza. Ofisi ya halmashauri inaweza kukuelekeza waliosajiliwa. Na mumeo akishikwa, huo si wakati wa kulinganisha bei. Mpigie wakili palepale, mpelekee nakala za vibali, na mwambie mumeo asiweke sahihi kwenye maelezo ambayo hajasomewa kwa lugha anayoielewa.