Maswali ya Wasomaji: Kirusi cha Tumbaku Kinapotumwa Kutengeneza Dawa

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha biolojia katika shule ya sekondari wilayani Chunya, na wanafunzi wangu wengi ni watoto wa wakulima wa tumbaku. Nimesoma kwamba ziko nchi zinazotumia virusi ili tumbaku itengeneze dawa na chanjo. Virusi ninavyovifundisha mimi hudhoofisha mimea. Inakuwaje vikafanya kazi hiyo? Na je, wazazi hawa watarajie soko jipya?

JIBU: Mwalimu, kirusi hakiwezi kujitengenezea protini; hulazimika kuingia ndani ya seli na kuifanya isome maelekezo ya kirusi badala ya maelekezo ya seli yenyewe. Kirusi cha batobato ya tumbaku (ugonjwa unaotia majani mabaka), kinachochunguzwa tangu mwishoni mwa karne ya 19, kina maelekezo mafupi mno: uzi mmoja wa RNA, kemikali inayobeba maelekezo ya urithi, wenye herufi zipatazo 6,400 na jeni chache, mojawapo ikiwa jeni ya protini ya ganda. Katika jani lililougua, protini hiyo ya ganda hujazana kwa wingi wa kushangaza, na hapo ndipo watafiti walipoona nafasi yao. Jeni ya ganda ikiondolewa, na mahali pake ikawekwa jeni ya protini inayotakiwa, tuseme kingamwili ya binadamu (protini ya mwili inayopambana na vijidudu) au kipande cha kirusi cha mafua, seli za jani huitengeneza protini hiyo ngeni kwa bidii ileile.

Kirusi kilichovuliwa ganda, hata hivyo, hakisafiri vizuri kutoka jani hadi jani. Kwa hiyo hupakiwa ndani ya bakteria wa udongo aitwaye Agrobacterium, ambaye kwa asili yake ana uwezo wa kupenyeza vinasaba katika seli za mimea. Miche huinamishwa kichwa chini katika maji yenye bakteria hao, hewa hunyonywa kwa pampu, na hewa inaporudishwa maji hupenya katika nafasi zote za jani. Baada ya wiki moja hivi majani huvunwa, na kilo moja ya majani mabichi inaweza kutoa hata gramu kadhaa za protini. Faida kubwa ni wepesi huo: hakuna haja ya kusubiri vizazi vya mbegu vilivyobadilishwa vinasaba.

Kingamwili ilileta ugumu wa pekee, kwa kuwa huundwa na minyororo ya protini ya aina mbili, na virusi viwili vya aina moja hugombania seli. Suluhisho lilikuwa kukipa kirusi cha batobato mnyororo mmoja na kirusi X cha viazi mnyororo wa pili. Dawa ya Ebola iitwayo ZMapp, mchanganyiko wa kingamwili tatu uliotumika mwaka 2014, ilizalishwa kwenye majani katika jimbo la Kentucky, Marekani. Akiba yake iliisha upesi, na katika jaribio lililofanyika kwa jirani zetu Kongo, matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kuwa dawa nyingine mbili ziliokoa watu wengi zaidi.

Kuhusu soko, ningewashauri wazazi wasijenge matumaini. Mmea unaotumika ni Nicotiana benthamiana, ndugu mdogo wa tumbaku mwenye asili ya Australia, ambaye kinga yake dhidi ya virusi ni dhaifu. Tumbaku ya mvuke ya Chunya ni mmea mwingine. Benthamiana huoteshwa ndani ya vitalu nyumba vinavyodhibitiwa, tena gharama kubwa haipo shambani bali katika kuitenga protini na uchafu wa jani hadi ifae kuchomwa mwilini. Hata wenye mitaji hawajasalimika: kampuni ya Medicago ilipata kibali cha chanjo yake ya korona iliyozalishwa katika mmea huohuo, nchini Kanada, mwezi Februari 2022, lakini mwaka mmoja baadaye wamiliki wake walitangaza kuifunga.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kilimo, Uyole. Kwa nini watu wasile tu jani au kiazi chenye chanjo?

JIBU: Lilijaribiwa. Mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya watu waliokula viazi vibichi vilivyobadilishwa vinasaba, na miili yao ilitengeneza kingamwili kweli. Tatizo ni kipimo, maana viazi viwili vya shina moja havilingani kwa kiasi cha protini, na ukivipika protini huharibika. Jani la tumbaku lina nikotini, kwa hiyo hilo halifai kabisa.

SWALI: Ninalima nyanya Ilula. Virusi hivyo vikitoroka, si vitatumaliza sisi na mashamba yetu?

JIBU: Kirusi cha batobato ya tumbaku hakimfanyi binadamu augue. Nyanya, naam, huugua kwa kirusi hicho, lakini kile kilichoondolewa jeni ya ganda hakiwezi kujifunika wala kudumu nje ya seli, na jeni ngeni iliyobebwa na kirusi haiandikwi katika mbegu. Hata hivyo, vitalu hufungwa na mabaki ya mimea huteketezwa, na sioni kuwa tahadhari hiyo imezidi. Kirusi cha kukuhangaisha ni kile kizima, ambacho huweza kuwamo ndani ya sigara na kuenezwa kwa vidole na visu. Vibarua wanaovuta sigara wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kupogolea nyanya, na miche yenye mabaka ing'olewe mapema.