Fundi wa Modeli Anajibu: Super VC10 ya zamani, rangi ngumu na stika za njano

SWALI: Shikamoo fundi. Nimeachiwa boksi la Airfix la kujenga modeli ya plastiki ya ndege ya abiria Super VC10, skeli 1/144 (yaani ndogo mara 144 kuliko ndege halisi), lile lenye rangi za BOAC, shirika la ndege la Uingereza la enzi hizo. Lilikuwa la marehemu mjomba wangu, alikuwa fundi wa ndege pale uwanja wa Embakasi, Nairobi, enzi za East African Airways. Vipande vyote vipo, ila nikivishikiza bila gundi mabawa yanaacha mwanya kwenye bodi na plastiki ina mabaki mabaki pembeni. Mimi nataka iwe ndege ya East African, siyo BOAC. Inawezekana kweli au nitafute boksi jipya?
– Msomaji, Mombasa

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Inawezekana kabisa, na tafadhali usilibadilishe hilo boksi na jingine. Ni kweli yapo mapya zaidi, Roden wa Ukraine walitoa VC10 ya skeli hiyohiyo na inakaa vizuri kuliko ya Airfix, lakini hilo ni la mjomba wako na kila kasoro uliyoitaja inarekebishika kwa msasa na subira.

Kwanza chagua unajenga ndege ipi, maana East African walikuwa na Super VC10 tano tu na zinajulikana moja moja kwa namba zake za usajili: 5X-UVA, 5H-MMT, 5Y-ADA, 5X-UVJ na 5H-MOG. Ukiangalia hizo herufi za mwanzo utaona ushirika wenyewe ulivyokuwa, 5X ni Uganda, 5H Tanzania, 5Y Kenya, yaani shirika moja lakini kila nchi ina ndege iliyoandikishwa kwake. Ya kwanza ilifika 1966 na ile 5H-MOG ya mwaka 1970 ndo VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa kati ya zote 54. Ukichagua 5X-UVA ujue ndo iliyoanguka Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972 na watu 43 wakafariki, wapo wanaoijenga kwa heshima ya waliokufa na wapo wasiotaka kabisa kuigusa, hilo utaamua mwenyewe. Mimi ningejenga 5H-MOG. Baada ya shirika kuvunjika 1977 zile nne zilizobaki zilirudi Uingereza, jeshi la anga la kule likazigeuza kuwa ndege za kujaza wenzake mafuta angani na zikaruka hadi 2013, kwa hiyo picha zake ni nyingi mno. Ila wewe tafuta za kabla ya 1977, usije ukachora kitu kilichoongezwa na jeshi.

Sasa jambo ambalo wengi wanalisahau. Super VC10 za East African hazikuwa sawa na za BOAC, za kwetu zilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo upande wa kushoto mbele, ili ibebe abiria na mizigo kwa pamoja. Boksi la BOAC haliwezi kuwa nao. Usipouchora, hata ukipaka rangi vizuri namna gani mtu aliyefanya kazi Embakasi ataona ni BOAC iliyovaa nguo za wenyewe. Tafuta picha ya ubavu wa kushoto, hesabu mlango unaanzia dirisha la ngapi na unaishia la ngapi, hamishia kwenye bodi kwa penseli, halafu bandika utepe mgumu kama rula na pitisha sindano taratibu mara nyingi bila kukandamiza, ukikandamiza sindano inateleza na kukwangua bodi zima.

Tuje kwenye kujenga. VC10 injini zake zote nne, Rolls-Royce Conway, ziko nyuma mkiani, na modeli nayo uzito wote unakwenda nyuma, ukimaliza bila kuweka kitu puani itakaa mkia chini na pua juu na hapo bodi umeshalifunga huna la kufanya. Nenda kwa wauza vifaa vya uvuvi, hapo Mombasa hukosi, nunua chubwi ndogo ndogo uzijaze mbele kabisa na uzigandishe vizuri zisije zikaanza kugongagonga ndani. Kabla ya kufunga shikiza bodi na mabawa kwa selotepu, weka kidole pale magurudumu ya nyuma yatakapokaa uone inaegemea wapi, kisha ongeza kidogo tena maana rangi na puti pia vina uzito. Chubwi ni madini ya risasi, yana sumu, nawa mikono ukimaliza na watoto wasizichezee.

Mabawa ya maboksi ya miaka ile ni manene sana ukingo wa nyuma. Kabla hujaunganisha kipande cha juu na cha chini sugua kwa ndani, siyo nje, mpaka ukingo uwe mwembamba, hii kazi ya nusu saa inabadilisha modeli kuliko kitu kingine chochote nitakachokuambia leo. Ule mwanya wa bawa na bodi usiujaze puti tupu, kata vipande vyembamba vya plastiki kutoka kwenye ile fremu inayoshika vipande, vichomeke na gundi ya modeli inayoyeyusha plastiki, viache usiku kucha ndo uweke puti laini, ile ya mwisho wanayotumia wapiga rangi wa magari, siyo ile nzito ya kujazia mabonde. Halafu msasa wa maji, anza 400, nenda 600, malizia 1000, piga praima ya kijivu, utaona makosa yote uliyodhani yameisha, rudia.

Ile mistari iliyoinuka juu ya plastiki, inayoigiza maungio ya mabati ya ndege, mimi nasema iondoe yote na usichonge mingine zaidi ya milango na sehemu zinazosogea kwenye mabawa. Mstari wa milimita 0.2 kwa skeli ya 1/144 ni karibu sentimita tatu kwenye ndege halisi, hakuna fundi angeruhusu ndege iruke na ufa wa namna hiyo. Najua wengi wanapenda mistari mingi, mimi sipendi na siwezi kukuambia ufanye nisichokiamini.

Madirisha yakikusumbua yaache wazi mpaka umalize rangi yote, halafu kila moja lijaze gundi nyeupe ya seremala kwa ncha ya kijiti, ikikauka inakuwa angavu kama kioo. Supagluu usiilete karibu na vioo, mvuke wake unaacha ukungu mweupe usiotoka.

SWALI: Fundi, mwanangu alinijengea ndege ya vita ya plastiki zamani akaipaka rangi nzito mno, sasa kakua anataka tuifungue tuijenge upya. Tunaitoaje rangi na gundi bila kuiharibu?
– Mama msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Dada yangu, hongera kwa kuitunza. Rangi za maji jaribuni spiriti ya kusafishia, ile isopropili, chovyeni na msugue kwa mswaki mkuukuu. Kama ni rangi ya mafuta, iloweke kwenye mafuta ya breki ya gari masaa kadhaa, mvae glavu, mkae penye hewa, halafu mwoshe kwa sabuni. Asetoni hapana, hata kidogo, wala dawa ya kutolea rangi ya kucha, hizo zinayeyusha plastiki yenyewe. Kuhusu gundi, iwekeni kwenye friza usiku mmoja, baridi inaifanya gundi nyingi za zamani kuwa kavu na dhaifu, mkiitoa pindeni taratibu kwenye maungio. Ile gundi iliyoyeyusha plastiki vipande vikawa kitu kimoja haitaachia, hapo mnakata kwa msumeno mwembamba au mnaiacha kama ilivyo.

SWALI: Nipo Muscat, nina boksi la ndege ya DC-3 la miaka mingi na stika zake za maji, zile za kuloweka ndo ubandike, zimekuwa njano kabisa. Nizitupe?
– Msomaji, Oman

JIBU: Usitupe ndugu yangu. Kabla ya lolote zipige skani au picha nzuri yenye rula pembeni, hata zikifa utabaki na vipimo. Kisha zitie kwenye mfuko wa plastiki unaoangaza, zibandike kwenye kioo cha dirisha upande unaopigwa na jua, uso wa stika ukitazama nje, ziache wiki mbili tatu, na kwa jua la Muscat naamini ule unjano utapungua sana. Halafu jaribu moja usiyoihitaji, itie kwenye maji ya vuguvugu. Ikivunjikavunjika maana yake utando umekufa, zilizobaki zipulizie vanishi angavu zikauke kabisa ndo uzitumie, ila sasa itabidi ukate kila moja karibu na mchoro wake kwa sababu vanishi imezifunga zote pamoja.

Na wote mnaoishi pwani, huku na huko: msipulize rangi wala vanishi siku ya unyevu mwingi au mvua inaponyemelea, inatoka na ukungu mweupe juu. Subirini mchana mkavu, na kopo likae kidogo kwenye maji ya uvuguvugu kwanza, siyo ya moto.