Umeme wa bafuni: amua kabla ukuta haujapasuliwa

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji wanaong'oa nyaya kuukuu nyumbani na kuweka mpya. Naanza na lile ambalo jibu lake linaamua mengine.

Fundi ameniuliza bafuni nataka nini. Nikamwambia "taa na maji ya moto". Anasema bado sijamjibu. Anataka nini zaidi?

Anataka kujua maji utayapashaje moto, maana hapo ndipo unene wa waya unapoamuliwa. Hita ya papo kwa papo huyapasha maji yakiwa yanapita, na kazi hiyo inakula umeme kwelikweli. Kupandisha joto la lita 3 kwa dakika kwa nyuzi 20 tu kunahitaji kilowati 4 na ushee. Kwenye umeme wa volti 230, hita ya kilowati 5.5 inavuta ampea 24, na ya kilowati 8.5 inavuta ampea 37. Tanki la lita 50 lenye elementi ya kilowati 3 linavuta ampea 13 tu, ila utasubiri muda usiopungua nusu saa maji yapate moto.

Kwa hiyo nunua hita kwanza, au angalau chagua aina, soma kibandiko chake, ndipo waya ukatwe. Hita ya papo kwa papo inataka njia yake peke yake ya nyaya kutoka kwenye bodi ya umeme, mara nyingi waya wa milimita za mraba 6 au 10 kutegemea nguvu ya hita na njia waya unamopita, pamoja na swichi inayokata laini (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya unaourudisha) kwa pamoja. Kama bado unasitasita, mimi ningetandaza ule mnene. Waya mnene unaihudumia hita ndogo bila tatizo. Ukifanya kinyume chake, hita kubwa kwenye waya wa soketi, utaiona swichi ikigeuka rangi ya kahawia pembeni na kuanza kunuka plastiki iliyoungua.

Nataka soketi karibu na sinki, ya mashine ya kunyolea na ya kukaushia nywele. Inafaa?

Chukua futi, anza kupima kutoka kwenye maji. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60364, sehemu ya 701, kinaligawa bafu kwa kanda. Kanda 0 ni ndani ya beseni la kuogea. Kanda 1 ni juu yake, hadi mita 2.25 kutoka sakafuni. Kanda 2 inaongeza sentimita 60 pembeni. Kama mnaoga wima sakafuni bila beseni, kanda 1 inafika sentimita 120 kutoka kwenye shawa na kanda 2 haipo.

Soketi ya kawaida haina nafasi ndani ya kanda hizo. Nje yake nchi zinatofautiana: Ujerumani inatosha kuwa nje ya kanda 2, Uingereza wanataka mita 2.5 kutoka ukingo wa kanda 1. Uliza kanuni za kwenu. Ya kunyolea ina soketi yake maalumu, yenye transfoma ndani, ambayo inaweza kukaa kanda 2 mahali pasiporukiwa na maji. Soketi hiyo haina nguvu ya kuendesha kikausha nywele. Nywele zikaushiwe chumbani.

Bodi yangu ina breka kwa kila njia ya nyaya. Kwa nini fundi anang'ang'ania RCD, ile swichi inayokata umeme unapovuja, pia?

Kwa sababu breka inalinda waya, haikulindi wewe. Breka ya ampea 32 haishtuki kwa mkondo mdogo unaotosha kumuua mtu aliyelowa. RCD ya miliampea 30 inalinganisha umeme unaotoka kwenye laini na unaorudi kwenye nyutro. Vikitofautiana kwa kiasi hicho, ambacho ni chini ya sehemu moja ya elfu ya zile ampea 32, inakata kabla ya theluthi ya sekunde kuisha.

Lakini usikubali uambiwe kwamba ukiwa na RCD ethi, yaani waya unaopeleka umeme ardhini, si lazima. Elementi ya hita ikipasuka, maji yenyewe yanabeba umeme. Penye ethi nzuri, uvujaji unapata njia ya kupita na RCD inakata hapohapo, pengine hakuna hata mtu bafuni. Pasipo ethi, njia utakuwa wewe. Na fundi anayeunganisha ethi na nyutro ndani ya hita, mwambie aache kazi. Nyutro ikikatika mahali, mwili wa hita unapata umeme wote.

Omba pia taa isiwe chini ya RCD moja na hita. Hita ikiifanya RCD ikate usiku, usibaki gizani ukiwa na sabuni machoni.

Nataka feni iendelee kuzunguka kidogo baada ya kuzima taa. Niseme nini?

Sema "feni yenye taima". Inahitaji waya mmoja zaidi, laini ya kudumu yenye umeme muda wote, pamoja na ile inayotoka kwenye swichi ya taa. Swichi yenyewe iwe nje ya mlango, au ya kamba darini.

Lipu inapigwa wiki ijayo. Nikague nini?

Nyaya zishuke wima au zipite mlalo kutoka kwenye swichi na soketi, kamwe zisikate ukuta kimshazari, maana hapo ndipo mtu atakapotoboa kutundika kioo. Piga picha kila ukuta, futi ikiwa imewekwa juu yake. Acha paipu moja tupu hadi nyuma ya kioo, hata kama leo huoni kazi yake. Kisha fundi apime nyaya kwa mega (kifaa kinachopima kama ganda la waya halivujishi umeme) ya volti 500 kabla hajaunganisha chochote. Kipimo kisiwe chini ya megaomu 1. Kikiwa chini, kuna mahali waya umechubuka, na lipu isubiri mpaka apaone.