Maswali yenu: Kohei, muuaji asiyeamini kitu

Barua za mwezi huu karibu zote zinamhusu Tsujikaze Kohei, yule muuaji wa manga (katuni ya Kijapani) ya Vagabond anayejiita mungu wa kifo. Kama hujafika juzuu la 13, ruka ukurasa huu, kwa sababu tunafichua mengi.

Je, Kohei aliwahi kuishi kweli? Rafiki zangu wanasema jina lake halisi ni Shishido Baiken. (Msomaji, Tanga)

Rafiki zako wameligeuza jambo. Ndani ya manga, Kohei ndilo jina lake. Baiken ni jina la marehemu alilolichukua na kulivaa.

Chimbuko lake ni jembamba sana. Kitabu kiitwacho Nitenki, kilichotungwa mwaka 1776, kinasema Miyamoto Musashi, mpiga upanga ambaye ndiye shujaa wa Vagabond, alikutana katika jimbo la Iga na fundi wa mundu wenye mnyororo aitwaye Shishido, akamuua. Ukoo umetajwa, jina lake binafsi halimo. Tena Musashi alifariki 1645, kwa hiyo kati ya kifo chake na kitabu hicho pana miaka 131. Ukisikia mtu anakuhadithia pambano hilo kama aliyelishuhudia, mpunguzie imani.

Jina Baiken lilitoka kwa Yoshikawa Eiji, aliyeichapa riwaya yake ya Musashi katika gazeti la Asahi kati ya 1935 na 1939. Huyo ndiye pia aliyemfanya Baiken kuwa Tsujikaze Kohei, mdogo wake jambazi Tenma. Inoue Takehiko alipoanza kuchora Vagabond mwaka 1998 alimpasua mtu huyo vipande viwili: Baiken akawa mmoja, na Kohei, aliyeliiba jina lake, akawa mwingine. Badiliko hilo dogo ndilo lililomzaa mhusika mnayemwandikia barua.

Kwa nini wachambuzi humwita nihilisti, yaani asiyeamini kitu? Si katili tu kama wengine? (Msomaji, Nakuru)

Hapana, na tofauti yenyewe inaonekana ukimweka kando ya wenzake wawili wa manga nyingine.

Shishio Makoto wa Rurouni Kenshin anaua watu wengi, lakini ana imani: mwenye nguvu aishi, mnyonge afe, na serikali ya Japani ya enzi ya Meiji ipinduliwe. Hiyo ni itikadi, hata kama imeoza. Shira wa Mugen no Junin hana itikadi, ila ana uchu. Mateso ya mwingine humpa raha, naye huyatafuta kama mlevi atafutavyo kilabu. Hata alipokatwa mkono, aliuchonga mfupa uliobaki ukawa silaha.

Kohei hana imani ya Shishio wala uchu wa Shira. Takezo, ambaye baadaye ndiye Musashi, alimuua Tenma mwanzoni kabisa, lakini hata pale kisasi kinapotajwa huoni mapenzi ya ndugu ndani yake. Tazama zaidi suala la jina. Katika hadithi za samurai, mpiganaji hutaja jina lake kabla ya kuchomoa upanga, na karibu kila mtu katika Vagabond anahangaika ili jina lake lijulikane. Matahachi, rafiki wa Musashi wa utotoni, anadanganya kwa ajili hiyo, na Musashi anakiacha kijiji chake cha Miyamoto kwa ajili hiyo hiyo. Kohei analitupa lake na kuvaa la maiti, wala haoni hasara. Kwetu sisi hicho ndicho kitendo chake cha kutisha kuliko mauaji yote.

Na hakuanguka kutoka mbinguni. Vita vya Sekigahara vya Oktoba 1600 viliisha ndani ya siku moja, kisha walioshindwa wakanyang'anywa ardhi au kupunguziwa. Samurai wengi wakabaki ronin: hawana bwana, hawana posho, na kazi pekee waliyofundishwa ni kuua. Nasaba ya Kohei katika fasihi ni ndefu pia. Tsukue Ryunosuke, katika riwaya ya Nakazato Kaizan iliyoanza kuchapwa 1913, anamkata mzee aliyekuwa katika hija kwenye njia ya mlimani, bila sababu yoyote. Wauaji wengi wa manga wenye macho matupu ni wajukuu zake.

Kitu pekee kinachoharibu hesabu ya Kohei ni Rindo, yule mtoto wa kike anayeishi naye. Asiyejali chochote hapaswi kujali kama mtoto yuko hai. Ndiyo maana Inoue alimweka hapo.

Mundu na mnyororo hufanyaje kazi? Na kwa nini Musashi anapata shida nao? (Msomaji, Bujumbura)

Silaha hiyo huitwa kusarigama. Ina mundu wa mpini mfupi, mnyororo ambao mara nyingi huwa wa mita 2 hadi 3 hivi, na jiwe la chuma mwishoni. Upanga wa samurai huwa na ubapa wa takriban sentimita 70. Ukijumlisha mkono na hatua moja, mwenye upanga bado hamfikii mwenye mnyororo, ilhali jiwe linamfikia yeye usoni.

Jiwe lina kazi mbili. Ya kwanza ni kupiga kichwa, mkono au goti. Ya pili, mbaya zaidi, ni kuuzunguka upanga. Mnyororo ukishajifunga, mtu aliyeshika upanga kwa mikono miwili ana njia mbili tu: auachie abaki mikono mitupu, au aung'ang'anie avutwe hadi kwenye mundu.

Udhaifu wake nao uko wazi. Jiwe linahitaji nafasi ya kuzunguka, hivyo vichaka na nguzo ni maadui wake. Likishakosa, kulirudisha kunachukua muda, na huo ndio mwanya wa kuingia. Nitenki inasema Musashi alichomoa upanga mfupi na kuurusha kifuani mwa Shishido. Inoue anaitumia fununu hiyo kwa namna yake: hapa ndipo Musashi anagundua kwamba mkono wa kushoto nao unaweza kushika upanga. Halafu hamuui Kohei.

Mtoto wangu ana miaka 11 na anaitaka. Nimnunulie? (Mzazi, Zanzibar)

Usimnunulie. Morning, jarida la Japani lililoichapa Vagabond, ni la watu wazima, na manga yenyewe ina viungo vilivyokatwa na ngono pia. Isitoshe, hadithi imesimama tangu 2015 ikiwa na juzuu 37, haijaisha.

Ninachora manga yangu. Adui wangu ni mtu wa aina ya Kohei, lakini kila anayesoma anacheka. Nakosea wapi? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kurasa ulizotuma zina mambo manne. Adui anatabasamu karibu katika kila fremu. Tabasamu likizidi, mtu anakuwa mchekeshaji. Mpe moja tu katika sura nzima ya kurasa 20, na liwe mahali pasipostahili. Pili, anaeleza falsafa yake huku akipigana. Asiyeamini kitu hana haja ya kumshawishi mtu. Futa hotuba zote, uache fremu mbili za kimya kabla ya pigo na moja baada yake.

Tatu, macho. Umemwekea nukta nyeupe ya mng'ao kama wahusika wengine. Iondoe kwake peke yake, uijaze mboni wino mtupu, na utaona uso unabadilika bila kugusa mstari mwingine. Nne, umemvisha upanga kinyume: katana hukaa kiunoni kushoto, makali yakitazama juu. Makali yakitazama chini, huo ni tachi, aina ya zamani ya upanga, na msomaji anayejua atafunga kitabu papo hapo.

Kuhusu vifaa: wino wako unasambaa kwa sababu unatumia karatasi ya fotokopi ya gramu 80. Tafuta ya gramu 150 au zaidi. Kwenye karatasi ya B4, fremu ya ndani ya kurasa za manga huwa milimita 180 kwa 270. Nibu (ncha ya kalamu) ya G itumie kwa mistari mikubwa ya mwili, ile nyembamba kwa nywele na mandhari. Ukihamishia kwenye kompyuta, skani kwa dpi 600, la sivyo mistari myembamba itakatika. Na usikimbilie brashi kwa kuwa Inoue anaitumia: aliigeukia alipofika sehemu ya Kojiro, mpinzani wa Musashi, juzuu la 14 na kuendelea, akiwa tayari amechora juzuu 13 kwa nibu.