Fundi wa Visu Anajibu: Okapi ya babu, na kisu cha mpini mweupe

*Shikamoo fundi. Marehemu babu aliniachia kisu cha kukunja cha Okapi, cha mpini wa mbao na pete mgongoni. Kimeshika kutu, bapa linacheza na pete haivutiki. Jamaa wa sokoni anasema atakipitisha kwenye mashine ya kunolea king'ae kama kipya. Nimpe? Na nitajuaje kama ni cha zamani kweli?* (Msomaji, Moshi)

Marahaba mwanangu. Usimpe, tafadhali.

Bapa la Okapi ni jembamba na ni la chuma cha kaboni. Likiguswa na jiwe la umeme hupata moto mara moja, hasa kwenye makali. Ukiona chuma kimegeuka buluu, basi hapo ugumu wake umekwisha, na hata ukinoa kutwa nzima makali hayatakaa. Mashine hiyohiyo itafuta mhuri wa kiwanda uliogongwa kwenye bapa. Visu vilivyotendwa hivyo huletwa sana mezani kwangu na huniuma kuviona, kwa kuwa kutu naweza kuitoa, ila chuma kilicholiwa na jiwe siwezi kukirudisha.

Mhuri ndio utakaokujibu kuhusu umri. Okapi zilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili ziuzwe katika makoloni yake ya Afrika, na nchi yetu, Tanzania Bara ya leo, ilikuwa mojawapo. Mnyama mwenye jina hilo, wa misitu ya Kongo, wanasayansi walikuwa ndiyo kwanza wamemtangaza mwaka 1901. Miongo mingi baadaye kazi ilihamia Afrika Kusini. Safisha taratibu shina la bapa, pale karibu na ribiti, usome nchi iliyoandikwa.

Sasa kutu. Kunjua kisu, kisha kining'inize ncha chini ndani ya kopo la mafuta ya taa, bapa tu lizame, mbao isiguse. Kiache usiku kucha. Kwenye kiungo na chini ya pete dondoshea mafuta ya cherehani, na urudie kila yanapokauka. Pete usiilazimishe kwa koleo. Itikise kwa vidole, ongeza mafuta, kesho uitikise tena. Humo ndani mara nyingi mna uchafu wa miaka, maganda ya machungwa, tumbaku na vumbi, kwa hiyo mswaki mkuukuu na kijiti cha mwanzi vitakufaa.

Kutu iliyobaki ikwangue kwa kitu kilicho laini kuliko chuma. Mimi natumia ile senti kumi ya tundu ya Afrika Mashariki ya zamani: ni ya shaba, ukingo wake unabandua kutu nyekundu na hauchubui bapa. Daima pawe na mafuta. Ukifika kwenye rangi ya kijivu iliyokoza, simama. Rangi hiyo ni ya matumizi ya babu yako, tena inasaidia kuzuia kutu mpya. Msasa wa kung'arisha uweke kando.

Bapa kucheza ni ribiti kulegea. Kata kipande cha kopo la soda, kipasue katikati kama uma, ukipenyeze kati ya bapa na ubavu wa mpini. Laza kichwa cha ribiti juu ya chuma kizito, ugonge upande wa pili kwa nyundo ndogo, mapigo mepesi ya kuzunguka ukingo, huku ukijaribu kukunja kila baada ya mapigo machache. Kisha chomoa kile kipande. Nafasi kilipokuwa ndiyo itakayoliwezesha bapa kuzunguka bila kukwama.

Noa kwa kinoo cha mkono chenye maji, mgongo wa kisu ukiinuka nyuzi kama 20. Mbao ipake mafuta ya linsidi kidogo sana, ufute.

*Nina kisu cha Sheffield chenye alama ya nyota na msalaba, mpini mweupe. Naambiwa ni pembe ya ndovu. Nikichemshe kuondoa uchafu?* (Msomaji, Lamu)

Usikichemshe hata kidogo, dada. Iwe pembe au mfupa, maji moto yataupasua mpini. Tumia kitambaa chenye unyevu tu, ukaushe papo hapo.

Alama hiyo ni ya Joseph Rodgers & Sons, watengenezaji visu wa Sheffield, Uingereza. Chukua kioo cha kukuzia uangalie: vitone vidogo vyeusi ni mfupa, na visu vingi vya zamani ni vya mfupa wa ng'ombe. Mistari myembamba inayokatizana kwenye ncha ya mpini ni pembe. Jambo hilo linawezekana kabisa, maana karne ya 19 pembe nyingi za bara zilipitia Zanzibar, na Sheffield ilizitumia sana kwa mipini. Ikiwa ni pembe, usikiuze wala usikisafirishe. Kenya kumiliki pembe bila kibali ni kosa, hivyo waone kwanza watu wa KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya.