Kabla hujawatungia mtihani wa Kiingereza wanafunzi wa sekondari China

Mtihani wangu wa kwanza wa ufahamu niliutunga kwa siku nne. Wanafunzi wakaujibu bila kusoma hata mstari mmoja wa vifungu, na wakafaulu.

Ilikuwa Changsha, mkoani Hunan. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa uzamili, nasomea ufundishaji wa Kiingereza, nimepelekwa mazoezini katika sekondari moja ya juu. Mwalimu mlezi wangu, mama wa makamo aliyekwisha kufundisha zaidi ya miaka ishirini, aliipokea kazi yangu akaisoma kimya. Alipomaliza alizibandua kurasa za vifungu, akazitia kwenye droo, akanirudishia maswali matupu. Akaniambia nende darasa la jirani, niombe wanafunzi kumi, niwape vile vile yalivyo. Maswali yalikuwa kumi na mawili, kila moja lina majibu manne ya kuchagua. Mtu akibahatisha tu, kwa wastani anapata matatu. Wao wengi walipata saba au manane, na mmoja akapata tisa.

Nikawauliza wamefanyaje. Kijana mmoja akanighania: san chang yi duan xuan zui duan, san duan yi chang xuan zui chang. Maana yake, marefu matatu na fupi moja, chagua fupi. Mafupi matatu na refu moja, chagua refu. Utausikia mno wimbo huo ukikaa na wanafunzi wa China. Mimi majibu sahihi nilikuwa nimeyapanga kwa maneno mengi ili yasiwe na kasoro, na vipotoshi, yaani majibu ya uongo ya kumpoteza asiyeelewa, nikavikata vifupi. Nilikuwa nimewaonyesha jibu kwa kidole. Swali jingine lilihusu barafu ya Kilimanjaro, na jibu lilikuwa kwamba inapungua. Nani asiyelijua hilo? Kifungu kilikuwa hapo kwa mapambo.

Mdogo wangu unayekuja China kusomea ualimu wa lugha, au kufanya utafiti wako shuleni, anza na hili kabla ya nadharia zote utakazofundishwa: watoto hawa wanaijua mitihani kuliko wewe. Kiingereza wanaanza darasa la tatu la msingi. Wakimaliza miaka mitatu ya sekondari ya chini wanafanya zhongkao, mtihani wa kuingia sekondari ya juu, na wakimaliza mitatu ya sekondari ya juu wanafanya gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu, unaoanza tarehe 7 Juni. Kiingereza kinakuja alasiri ya tarehe 8, na kina alama 150, sawasawa na Kichina na hisabati. Katika karatasi ya kitaifa, kusikiliza kuna alama 30 na kusoma kuna 50. Kwa hiyo wana miaka ya kufanya kile wanachokiita shuati, yaani kusugua maswali moja baada ya jingine mpaka mkono uzoee. Ukiwapa swali bovu watalijibu kwa ubovu wake, nawe utaandika kwenye ripoti kwamba wanaelewa.

Tangu siku ile sijawahi kutoa mtihani wa kusoma bila kuwapa kwanza watu wachache maswali yasiyo na kifungu. Swali linalojibiwa na wengi kwa njia hiyo naling'oa. Majibu nayalinganisha urefu, hata kwa kuhesabu maneno. Kipotoshi nakitoa ndani ya kifungu chenyewe, kwa maneno ambayo mwanafunzi atayaona kweli akisoma, ila hayajibu nilichouliza. Na jibu sahihi nalisema kwa maneno mengine kabisa. Hili la mwisho ndilo zito, maana mbinu yao kubwa ni kulishika neno la swali, kulitafuta kwenye kifungu, na kuchagua jibu linalofanana na sentensi ile. Kifungu kikisema maktaba haitafunguliwa mpaka paa likamilike, na jibu lako likataja paa, umempima macho yake. Jibu likisema kwamba jengo liko kwenye matengenezo, hapo lazima aelewe.

Kuhusu mada, epuka jambo ambalo nusu ya darasa wanalijua na nusu hawalijui. Kifungu changu kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote kilihusu mafundi wanaojenga majahazi kwetu pwani, jinsi mbao zinavyozibwa kwa pamba na mafuta ili maji yasipenye. Hakuna aliyekuwa na habari nalo, wote wakaanzia mstari mmoja. Maneno mageni nilichuja kwa kulinganisha na orodha iliyo nyuma ya mtaala wa taifa. Mwanafunzi wa sekondari ya chini anatarajiwa kuwa na maneno 1,600 hivi, wa juu kama 3,000. Orodha hiyo iweke mezani unapotunga.

Sasa kusikiliza. Hapa ndipo nilipojifunza kwa machungu, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwahi kuketi mtihani wa Kiingereza nikasikiliza sauti iliyorekodiwa. Kwetu nilisoma, nikaandika, basi.

Jua kwanza umbo la sehemu ya kusikiliza katika karatasi yao ya kitaifa. Maswali ishirini, majibu matatu kwa kila swali. Matano ya mwanzo ni mazungumzo mafupi yanayosikika mara moja tu. Yanayofuata ni mazungumzo marefu na masimulizi, yanasikika mara mbili, na kabla ya kuanza mwanafunzi anapewa sekunde 5 za kusoma kila swali. Sekunde 5 ni pumzi mbili. Ukimwandikia majibu ya maneno kumi na tano yenye msamiati mgumu, hutajua alipokosea alishindwa kusikia au alishindwa kusoma. Majibu ya mtihani wa kusikiliza yawe mafupi na mepesi kuliko kinachosemwa.

Pili, usichukue makala ya gazeti ukayasoma mbele ya kinasa sauti. Mimi nilifanya hivyo. Maandishi yaliyotungwa kwa ajili ya jicho yamebana, kila sentensi imebeba mambo matatu, na sikio haliwezi kurudi nyuma. Mtu anayezungumza hujirudia, husita, husema jambo lile lile kwa namna nyingine. Siku hizi nawapa wenzangu wawili hoja tu kwenye karatasi, nawaacha wazungumze, ndipo nasafisha. Na lafudhi? Wanafunzi wale wamezoea sauti za Waingereza na Wamarekani kwenye rekodi zao. Naamini kabisa wanapaswa kusikia na Kiingereza cha Dar es Salaam, cha Nairobi na cha Mumbai, kwa sababu ndicho watakachokutana nacho kazini. Lakini wasikie darasani kwanza, wiki kadhaa. Kumtokea mtoto na lafudhi ngeni ndani ya mtihani unaohesabiwa si haki.

Tatu, lugha ya nyumbani kwao. Hunan ina lahaja ambazo n na l zinachanganyika, na h inageuka f. Wenyewe hutaniana kwa kuuita mkoa wao "Fulan". Sisi tunaelewa jambo hili bila kufafanuliwa, tumesikia watu wakienda kupiga "kula" na kula "wari". Basi mimi nilitunga mazungumzo mafupi ambamo mtu anachelewa kufika, na jibu lote lilitegemea kama umesikia "snow" au "slow". Zaidi ya nusu ya darasa walikosa, wakiwemo waliokuwa wakiongoza. Nilichopima pale kilikuwa tofauti ya sauti moja tu, na si ufahamu. Katika maisha mtu akisema theluji, utaona koti, utasikia habari za baridi, barabara itatajwa. Mazungumzo yangu hayakuwa na koti wala baridi.

Hesabu nazo uzitazame. Kichina kinapanga namba kubwa kwa wan, yaani elfu kumi kumi. Elfu hamsini kwao ni wan tano. Mwanafunzi akisikia "fifty thousand" lazima aigeuze kichwani, kama sisi tunavyoigeuza "seven o'clock" kuwa saa moja. Ukimwekea maswali manne ya namba mfululizo umehamia hisabati. Mimi naweka moja, basi. Na "he" na "she" zote mbili wanapozungumza ni ta, kama yeye yetu, kwa hiyo mazungumzo yenye watu watatu yapeleke sehemu inayosikika mara mbili.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa nje ya karatasi. Siku ya gaokao mji mzima unanyamazishwa: honi zinapigwa marufuku karibu na vituo vya mtihani, ujenzi unasimama. Mtihani wako wa mazoezi hautanyamazishiwa mtu. Nilipiga rekodi yangu kupitia spika iliyotundikwa juu ya ubao, feni zote zinazunguka, madirisha ya nyuma yanatazama uwanja ambako darasa jingine lilikuwa kwenye michezo. Alama zilipotoka nikaanza kuandika kwamba wanafunzi fulani ni dhaifu katika kusikiliza. Mwalimu mlezi akaniuliza, wanakaa wapi? Nikachora ramani ya viti, nikaandika alama juu ya kila kiti. Safu mbili za nyuma, upande wa madirisha, karibu zote zilikuwa chini. Karatasi zao za kusoma hazikuwa na tofauti hiyo. Niliifuta sehemu nzima ya kusikiliza, na nikawaomba radhi darasani.

Kwa hiyo kabla ya kuanza, nenda ukae kiti cha nyuma kabisa, wewe mwenyewe, rekodi ikilia. Na itumie ile nafasi ya mfano. Karatasi ya kitaifa imekuwa ikianza kwa mfano ule ule kwa miaka mingi: shati ni bei gani? Majibu ni pauni 19.15, 9.18 na 9.15, na la sahihi ni la tatu. Wote wanalijua kwa moyo. Basi mimi naupiga mfano wa aina hiyo, lakini nabadilisha bei, halafu nawaomba walio nyuma wanyooshe vidole kuonyesha jibu. Wakikosea, nasimamisha na kurekebisha sauti. Inachukua dakika moja.

Baada ya mtihani usiishie kwenye wastani. Darasa langu lilikuwa na wanafunzi 52. Unawapanga kwa jumla ya alama, unachukua asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini, yaani 14 na 14, kisha unatazama kila swali peke yake. Swali walilopata 12 wa juu na 5 wa chini lina tofauti ya 7. Gawa kwa 14, unapata 0.5, swali zuri. Likishuka chini ya 0.2 lichunguze. Likiwa hasi, yaani wa chini wamelipata kuliko wa juu, shuku karatasi yako ya majibu kwanza.

Nililipata hasi moja. Swali liliuliza maoni ya mwandishi wa kifungu, nami nilikuwa na hakika na C. Nikamwita binti aliyeongoza darasa, nikamwuliza kwa Kichina, maana ukimwuliza kwa Kiingereza atakujibu kile anachoweza kusema, si kile alichofikiri. Akaweka ncha ya penseli yake ya 2B kwenye aya ya tatu, akaisogeza taratibu mpaka kwenye neno moja la kusita ambalo mimi nililipita. Akasema mwandishi hakubaliani, ila ana adabu. Alikuwa sahihi. B ilikuwa sahihi. Watu kumi na moja nilikuwa nimewanyima alama.

Nakuomba usilichukulie jambo hilo kuwa dogo. Katika shule nyingi kuna mtihani wa kila mwezi, na alama zinawapanga wanafunzi kwa namba. Alama zao zimesongamana sana, kwa hiyo maswali mawili ya kusoma, yenye alama 2.5 kila moja, yanaweza kumshusha mtoto nafasi kumi. Jioni atapiga simu nyumbani, na mama yake atauliza amekuwa wa ngapi. Swali lako bovu linafika mpaka kwenye simu ile.

Jambo la mwisho nililoliongeza mimi, halikuwa kwenye mpango wa mafunzo: baada ya kusahihisha nawapa maandishi ya rekodi na kuipiga upya wakiwa wanasoma. Mara ya kwanza tulipofika kwenye yale mazungumzo ya theluji, waliliona neno "snow" kwenye karatasi huku wakilisikia, na darasa zima likatoa "aaa" moja ndefu. Mmoja wa safu ya nyuma akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akaomba tena, safari hii akiwa ameinuka na kusimama chini ya spika, midomo ikimchezacheza, n, l, n, l, mpaka kengele ilipolia.