Maswali yenu: Kabla ya kuita unabii, tazameni tarehe

Maswali ya nyimbo za zamani za roki yamejaa tena, na mengi ni yale yale. Ya 666 nimeyaweka kando yote. Yaliyobaki ni haya.

Mwandishi, nimeona video inayosema Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, alitabiri kifo chake kwenye "Bohemian Rhapsody", na kwamba ile "bismillah" ni ishara alikuwa Mwislamu wa siri. Kweli? (Unguja)

Wewe wa Unguja ndiye unayeniuliza hili? Freddie kazaliwa hapo hapo kwenu, tarehe 5 Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi wafuasi wa dini ya Zoroasta. Mzaliwa wa Unguja hahitaji kusilimu kwa siri ndipo aijue bismillah. Anaisikia mtu akinyoosha mkono kwenye sahani, fundi akishika nyundo, mwenye duka akifungua mlango asubuhi. Wimbo huo huo unamtaja pia Scaramouche, mchekeshaji wa maigizo ya Kiitalia. Mbona hakuna video ya kusema Freddie alikuwa mchekeshaji wa Kiitalia kwa siri?

Tuje kwenye kifo. Wimbo ulitoka 1975. Madaktari wa Marekani waliripoti ukimwi kwa mara ya kwanza Juni 1981, na Freddie akafariki kwa ugonjwa huo 24 Novemba 1991. Ndani ya wimbo kuna kijana aliyempiga mtu risasi, sasa anamlilia mama yake. Ukishikilia kwamba huo ni wasifu wa mwimbaji, basi tuoneshe na maiti. Mwenyewe alikataa kuueleza mpaka anakufa, na ukimya wake umekuwa mtaji wa watu.

Ni kweli Paul McCartney wa bendi ya Beatles alikufa 1966 wakamweka mtu anayefanana naye? (Kisumu, pia Dodoma, Tanga, na wengineo)

Hapana.

Nilitaka kuishia hapo, lakini najua mtarudi na jalada la albamu yao ya "Abbey Road". Haya. Mmeambiwa kwamba ile gari ya Volkswagen iliyoegeshwa nyuma ina namba inayoishia 28IF, maana yake Paul angekuwa na miaka 28 kama angekuwa hai. Amezaliwa 18 Juni 1942. Picha imepigwa 8 Agosti 1969. Toeni wenyewe: 27. Na ile miguu peku ya Paul jaladani, mnayosema ni ya maiti? Siku hiyo hiyo, kwenye picha nyingine za mfululizo ule ule, amevaa ndala zake.

Uvumi ulishika moto Oktoba 1969, msikilizaji mmoja alipopiga simu redio ya WKNR ya Detroit akamwambia mtangazaji Russ Gibb acheze santuri kinyumenyume. Siku mbili baadaye mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, Fred LaBour, aliyepewa kazi ya kuichambua albamu hiyo, aliandika mzaha mrefu wa "ushahidi", mwingine akiutunga mwenyewe pale pale. Baadaye alisema wazi kwamba alitunga. Nyinyi bado mnautumia.

Mtumishi mmoja alituchezea "Stairway to Heaven" ya bendi ya Led Zeppelin kinyumenyume na sote tukamsikia Shetani akitajwa. Utasemaje? (Morogoro)

Nitauliza: maneno mlioneshwa kabla ya kusikiliza, au baada? Mwaka 1985 Vokey na Read, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Lethbridge huko Kanada, waliwachezea watu sauti zilizogeuzwa. Wasioambiwa kitu hawakuambulia ujumbe wowote. Walioambiwa cha kutafuta, wakakisikia. Fanya jaribio hilo nyumbani na mtu asiyejua chochote, usimwoneshe maandishi, halafu uniandikie.

Jambo hili limefika mpaka mahakamani. Bendi ya Judas Priest walishtakiwa Nevada, Marekani, na familia za vijana wawili waliojipiga risasi mwaka 1985. Ilidaiwa kwamba ndani ya wimbo mmoja kulifichwa sauti ya kuwaamuru "fanya". Mwaka 1990 hakimu aliitupa kesi: sauti hiyo ilikuwa pumzi ya mwimbaji iliyogongana na gitaa. Tena wimbo wenyewe si wao, waliuazima kwa bendi ya Spooky Tooth.

Ujumbe wa kweli wa kinyumenyume upo. Bendi ya Pink Floyd waliuweka 1979 kwenye albamu ya "The Wall": unampongeza msikilizaji kwa kuugundua. Ni kejeli kwa watu kama mtumishi wenu. Na akianza kuomba sadaka ya kuzitakasa simu zenu, ondokeni.

Lakini kuna ubaya gani? Si burudani tu? (Arusha)

Swali zuri, dada, na ndilo linalonifanya niwe mkali. Novemba 1968 Beatles walitoa albamu yenye jalada jeupe. California, mtu aitwaye Charles Manson aliisikiliza akawahubiria wafuasi wake kwamba bendi inazungumza naye, inatabiri vita kati ya weusi na weupe, na vita hivyo vinaitwa "Helter Skelter", jina la wimbo mmojawapo wa albamu hiyo. Wimbo huo Paul aliutunga akitaka kelele kupita bendi yoyote, na jina alilipa la mnara wa kutelezea ambao watoto wa Uingereza huupanda kwenye viwanja vya burudani. Agosti 1969 wafuasi wa Manson waliua watu saba katika siku mbili mjini Los Angeles, mmoja wao mwigizaji Sharon Tate, mjamzito aliyekaribia kujifungua. Katika nyumba ya pili waliandika jina la wimbo kwa damu kwenye mlango wa friji, wakakosea herufi. Nabii alidai kuufasiri ujumbe wote, wafuasi wake hata kuuandika hawakuweza.

Sisemi kila anayegeuza santuri atashika kisu. Nasema mwimbaji hana namna ya kujitetea kwa mtu aliyeamua kwamba anaitwa kwa jina.

Bendi ya Lynyrd Skynyrd walipigwa picha ya jalada katikati ya moto, siku tatu baada ya albamu kutoka ndege yao ikaanguka. Hilo nalo ni bahati? (Mombasa)

Ni msiba. Albamu ilitoka 17 Oktoba 1977, ndege ikaanguka tarehe 20. Ilianguka kwa kuishiwa mafuta. Wimbo wao "That Smell", ule wa harufu ya mauti mnaouita unabii, ulihusu ulevi na dawa za kulevya, baada ya mpiga gitaa wao kugonga mti na gari. Hiyo haikuwa siri, ndugu. Mwimbaji wao alikuwa anawaonya wenzake waziwazi. Mjane wa mmoja wa waliokufa aliomba jalada libadilishwe, likabadilishwa.

Bango la K. WEST kwenye jalada la "Ziggy Stardust" la David Bowie, 1972, lilimtabiri Kanye West? (Nairobi)

Lilikuwa bango la duka la manyoya, mtaa wa Heddon, London.

Na "Hotel California" ya bendi ya Eagles ni kanisa la Shetani? (Mbeya)

Jengo la kwenye jalada ni Beverly Hills Hotel. Wanapokea wageni, ukiwa na pesa, kalale.